Kushika si Kumiliki: Kilatini cha Hati za Kale za Ardhi

Hati za ardhi za Uingereza za karne ya 13 na ya 14 ziliandikwa kwa Kilatini kifupi, chenye mafungu ya maneno yasiyobadilika. Kwa sababu hiyo mfasiri huzidhania kuwa kazi nyepesi. Kosa kubwa linalomnyemelea ni kulitwika neno moja la Kiswahili, "miliki", mzigo wa istilahi tatu au nne.

Tutazame fungu la "habendum et tenendum". Ni rahisi kuandika "kumiliki kabisa", kisha kuendelea mbele. Lakini "tenere" ni kushika, na mtu hakuishika ardhi peke yake. Aliishika "de capitalibus dominis feodi", yaani kutoka kwa mabwana wakuu wa ardhi hiyo, akiwatimizia huduma zilizowapasa. Kijineno "de", chenye herufi mbili tu, ndicho kinachobeba utaratibu wote wa ardhi wa zama hizo. Sheria ya 1290 iitwayo Quia Emptores ilimkataza muuzaji kujifanya bwana wa mnunuzi: mnunuzi alipaswa kuishika ardhi kutoka kwa bwana yule yule wa muuzaji. Mfasiri akiandika "amilikishwe", bwana hutoweka, na sheria hiyo haieleweki tena ilikuwa ya nini.

"Seisina" nayo si milki. Ni ukaaji juu ya ardhi unaotambuliwa na sheria, na mtu aliweza kuwa nao hali mwingine ana haki bora kuliko yake. Ulikabidhiwa shambani, kwa kutiana mkononi bonge la udongo au kijiti. Napendekeza "ushikaji". Wapo watakaosema kwamba neno hili linafikirisha mkono mno. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake.

Desturi hiyo yaeleza pia kwa nini mtoaji husema "dedi", yaani nimetoa. Kwa nadharia ya sheria, tendo lenyewe lilikuwa kule kukabidhiana. Ngozi iliyoandikwa ilikuwa ushahidi tu. Kiambishi chetu -me- kinaitosheleza maana hiyo barabara, wala sioni sababu ya kuandika "ninatoa" kwa kuiga mikataba ya leo. "Nimezawadia" ni kupotosha zaidi, maana aghalabu fedha zilikuwa zimelipwa.

"Feodum simplex" ina mtego wa namna nyingine. Anayepitia Kiingereza hukuta neno ambalo maofisini maana yake ni ada, na "ada sahili" ingekuwa kichekesho kama isingeharibu hati nzima. "Simplex" hapa yaonyesha kwamba urithi haukuwekewa mpaka, tofauti na "feodum talliatum", iliyofungiwa wazao wa mwili wa mtu aliyetajwa. "Ushikaji wa kurithiwa bila mpaka" ni maneno mengi, lakini ni sahihi. "Messuagium" ni nyumba pamoja na ua na vibanda vyake. "Virgata" afadhali iachwe ilivyo: hutajwa kuwa kama ekari 30, lakini ukubwa wake ulitofautiana mahali na mahali.

Kwetu Tanzania Bara suala hili lina sura yake. Milki huru zilizobaki kutoka enzi za ukoloni zilibadilishwa mwaka 1963 kuwa ukodishaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 ukodishaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kukalia ardhi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatamka kwamba ardhi yote ni ya umma, imewekwa mikononi mwa Rais akiwa mdhamini. Anayepewa hati hupewa haki ya kuikalia na kuitumia ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, pamoja na masharti. Hata hivyo hati hiyo twaiita hatimiliki. Neno limekwisha kuota mizizi, nalo halitang'olewa na makala. Lakini ofisa wa ardhi anayemweleza mwananchi kwa nini hati yake ina kikomo hana budi kwanza kubishana na neno ambalo mwananchi huyo amekuja nalo.