Stara Katika Ukuta wa Sistina

Michelangelo alipomaliza picha yake ya Hukumu ya Mwisho huko Roma, mwaka 1541, walikuwapo walionena kuwa watu walio uchi hawafai mahali pa ibada. Mtaguso wa Trento ukakataza picha za dini ziamshazo ashiki mwaka 1563, na Daniele da Volterra akapewa kazi ya kuwavika nguo. Jina la Mshona Suruali likamganda.

Wamteteao husema kuwa alistiri. Neno hilo halimfai pote. Nguo iliyopakwa juu ya rangi kavu yaweza kuondolewa, na kadha wa kadha zilizoongezwa baadaye ziliondolewa katika matengenezo yaliyokwisha mwaka 1994. Lakini Mtakatifu Katarina na Mtakatifu Blasio hawakuvikwa tu: lipu yao, kwa sehemu kubwa, ilibanduliwa, wakachorwa upya. Umbo lao la awali laonekana katika nakala ya Marcello Venusti ya mwaka 1549, iliyoko Napoli. Stara humwachia mtu mwili wake. Huku kulikuwa kufuta. Watengenezaji waliziacha nguo za Daniele kwa kuwa nazo ni historia, hoja yenye nguvu. Ila kwa Katarina hapakuwa na la kuchagua.