Patanjali na Mvuvi wa Msimbati

Wengi wetu yoga tunaijua kwa picha: mtu kakunja miguu, kafumba macho, nyuma yake bahari. Ukikifungua kitabu chenyewe, Yoga Sutra cha Patanjali, unashangaa. Kina semi fupi 195 (nakala nyingine 196), na zinazohusu namna ya kukaa ni tatu tu. Kabla ya mkao, kabla ya pumzi na tafakuri, yametangulizwa maadili matano: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kujizuia na matamanio ya mwili, kutojilimbikizia.

Nimekisoma hapahapa Mtwara, na sura ya pili ndiyo iliyonikamata. Patanjali anasema miiko hii haina msamaha kwa sababu ya ukoo, mahali, wakati wala hali. Mfafanuzi wake wa kale, anayejulikana kwa jina la Vyasa, anatafuta mfano wa mtu anayejiwekea udhuru. Anamwona nani? Mvuvi! Yule anayejitetea kwamba anaua samaki tu, hadhuru kingine.

Sasa wazee wa Msimbati, ambao kuvua ni riziki yao ya halali, ndiyo wamefungiwa mlango? Kwangu mfano huu una kasoro. Ni rahisi kumnyooshea kidole mwenye mikono inayonuka samaki kuliko aliyeketi mezani akisubiri changu wa kukaanga.

Lakini semi tatu mbele, Patanjali mwenyewe anatoa jibu ambalo mfano ule haukuligusa. Madhara ni madhara, ukitenda kwa mkono wako, ukimtuma mwingine, au ukiridhia tu. Na chanzo chake ni uchu, hasira au upumbavu. Iweke hukumu hiyo kando ya uvuvi wa baruti, uliovunja matumbawe ya pwani yetu, hadi huku Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma, ambako tangu mwaka 2000 ni hifadhi ya bahari. Anayekamatwa ni kijana wa kwenye mtumbwi, na pengine ndiye anayepoteza mkono. Aliyempa baruti je? Aliyenunua mnadani bila kuuliza mbona nyama imelegea na mifupa imevunjika? Na sisi tuliokula? Hilo neno “kuridhia” linatuzoa wote, kama juya.

Ninapoachana na Patanjali ni mwishoni. Safari yake inaishia kwenye upweke wa nafsi iliyojitenga na kila kitu. Kijiji kilichoridhia pamoja kitatubu vipi pamoja, hakisemi. Huku kwetu utulivu unatafutwa pia kwenye halka ya dhikiri, pumzi za wengi zikienda kwa mdundo mmoja, na ukitoka hapo jirani yako anakujua.

Hata hivyo kisome. Mikao utaikuta popote. Ila usiiruke sura ya pili, hasa kama leo kitoweo ni samaki.