Jongoo Kwanza, Twiga Baadaye: Jinsi Machimbo ya Bamburi Yalivyorudishiwa Msitu

Mgeni anayeingia Haller Park, kaskazini mwa jiji la Mombasa, kwa kawaida hutoa simu ampige picha twiga. Lakini sehemu ngumu zaidi ya kazi iliyofanyika pale anaikanyaga: tabaka la udongo mweusi ambalo mwaka 1971, kazi ilipoanza, halikuwapo hata kiasi cha kujaza kiganja.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuchimba eneo hilo mwaka 1954. Malighafi yake ni mawe ya matumbawe ya kale, na uchimbaji uliyafuata chini mpaka ukakaribia usawa wa maji ya ardhini. Ulipohama, uliacha uwanda mweupe wa mwamba usio na udongo wala kivuli, na chini yake maji ya chumvichumvi. René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni hiyo, ndiye aliyeshika jukumu la kupafufua.

Ipo njia inayozoeleka katika bustani nyingi za hoteli na ofisi za Pwani: udongo mwekundu unaletwa kwa malori, ukoka unatandikwa, kisha mtu anaajiriwa kumwagilia kila jioni. Siku maji yakikatika, bustani nayo inakauka. Kwa machimbo yenye ukubwa ule, njia hiyo ingegharimu mno, tena ingebidi shamba la mwingine lichunwe udongo ili Bamburi ipambwe. Haller alianza kwa kuuliza ni mmea gani unaoweza kuishi pale jinsi palivyo.

Aina 26 za miti zilijaribiwa, na tatu tu ndizo zilizostahimili: mnazi, Conocarpus lancifolius ambao ni mti wa nchi kavu za Somalia, na mvinje. Mvinje ndio uliobeba mzigo. Huvumilia chumvi, hukua upesi, na kwenye mizizi yake huwa na vinundu vinavyohifadhi bakteria aina ya Frankia. Bakteria hao hunasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mti, jambo lenye thamani kubwa mahali ambapo mwamba hauna mbolea ya kutoa. Ila bakteria wenyewe hawakuwapo machimboni. Ilibidi vijidudu vichukuliwe kwenye mivinje iliyokwisha kukomaa kwingineko na kupandikizwa kwenye miche, ndipo miti ikachangamka.

Basi machimbo yakawa ya kijani. Wasanifu wengi wangeishia hapo, wakapiga picha na kukabidhi kazi.

Tatizo lililofuata halikuonekana kwa mbali. Vijiti vyembamba vinavyodondoka kutoka kwenye mvinje vina tanini nyingi, na bakteria waozeshaji hawavishiki kirahisi. Vikawa vinarundikana juu ya mwamba, vikavu, mwaka baada ya mwaka. Chakula ambacho mti ulikuwa umekivuta kutoka hewani kilikuwa kimefungiwa kwenye takataka zake wenyewe. Miti ilikuwapo, lakini mzunguko wa rutuba ulikuwa umekatika katikati, na hapakuwa na mmea mwingine ambao ungeota juu ya zulia lile.

Aliyeuunganisha ni jongoo. Wale majongoo wakubwa weusi wenye miguu myekundu, ambao kila mtoto wa Pwani amewahi kuwagusa kwa kijiti ili wajikunje, walikusanywa na kuachiliwa chini ya mivinje. Walivitafuna vijiti vile, wakavisaga, na kinyesi chao kikawa kitu ambacho bakteria wa kawaida wangeweza kukimaliza. Polepole mboji ikaanza kujilimbikiza juu ya jiwe. Katika hadithi yote ya Bamburi, uamuzi huu ndio unaostahili kusomwa kwa makini zaidi katika vyuo vya usanifu wa mandhari, kwa sababu mchoro wowote wa bustani unaonyesha miti na njia za kutembea, lakini ni michoro michache inayoonyesha nani atakula majani yaliyoanguka.

Udongo ulipopatikana, mengine yalifuata kwa kasi. Nyasi na vichaka vikaota, ndege na popo wakaja na mbegu. Miti ya asili ya misitu ya Pwani ilipandwa kwenye kivuli cha mivinje, nayo mivinje ikapunguzwa kwa awamu na kuvunwa kuwa nguzo za kujengea. Pale uchimbaji ulipokuwa umefikia maji, mashimo yaliachwa yawe mabwawa. Tilapia wakafugwa, na maji yenye kinyesi cha samaki yakatumika kulisha mimea. Wanyama wala majani kama pofu na choroa waliletwa malisho yalipokuwapo, na samadi yao ikaongeza rutuba.

Sehemu hiyo ilifunguliwa kwa umma mwaka 1984. Mwaka 1987 Haller alitunukiwa tuzo ya Global 500 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Baadaye umaarufu ulikuja kupitia Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa Haller Park na kumganda kobe mkongwe aitwaye Mzee.

Mafanikio haya yana mipaka inayopaswa kusemwa wazi. Mvinje ukiachwa bila kupunguzwa huzima mimea iliyo chini yake, kwa hiyo kazi haiishi siku ya kupanda. Na msitu uliozaliwa juu ya machimbo hauwi kaya: misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambayo baadhi iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, ina mimea iliyozoeana kwa karne nyingi.

Wala orodha ya mimea ya Bamburi haihamishiki hivi hivi. Mtu akitaka kufanya kazi kama hiyo kwenye machimbo ya Wazo, Dar es Salaam, itambidi kwanza apime maji ya chini yako umbali gani na yana chumvi kiasi gani, ajaribu miche ya aina nyingi kabla ya kuagiza hata aina moja kwa wingi, kisha ainame atazame ni mdudu gani wa hapo hapo anayekula majani yake.