Ufundi wa Kufuata Anguko

Usiku wa Septemba 28, 2003, saa tisa na dakika moja, umeme uliruka kutoka laini ya msongo mkubwa huko Uswisi ukapiga mti. Laini ikajizima, mzigo wake ukahamia kwa jirani yake. Baada ya dakika kama 25 jirani naye akazidiwa, waya zikapata joto, zikalegea, nazo zikapiga mti. Dakika chache baadaye Italia yote, isipokuwa Sardinia, ilikuwa gizani. Zaidi ya watu milioni 50 walikosa umeme.

Mwaka 2010, katika jarida la Nature, Sergey Buldyrev, Shlomo Havlin na wenzao watatu walirudi kwenye giza lile wakiwa na swali gumu: umeme unaongozwa kwa mawasiliano, na mawasiliano yanakula umeme, je, viwili hivyo vinaangushana vipi?

Njia yao naihusudu kwa uvumilivu wake. Unafuta kituo cha umeme kwenye ramani. Unafuta na kituo cha mawasiliano kilichokitegemea. Sasa tazama upande wa mawasiliano: nani amebaki pembeni, amekatika na wenzake? Mfute. Kisha rudi kwenye umeme, ufute waliomtegemea huyo. Unakwenda na kurudi hivyo, bila kuruka hatua, mpaka anguko lisimame lenyewe au kusibaki kitu.

Majibu yanatisha. Chukua mtandao uliounganishwa kwa bahati nasibu, kila kituo kikiwa na majirani wanne kwa wastani. Ukiwa peke yake, hausambaratiki mpaka upoteze asilimia 75 ya vituo vyake. Ufunge na mwenzake, kila kituo kikitegemea cha upande wa pili, na asilimia 39 tu inatosha. Tena hauchakai polepole, unaporomoka kwa mkupuo. Hata mitandao yenye vituo vikuu vichache vilivyounganika na wengi, ambayo ikiwa peke yake huhimili sana hitilafu za kubahatisha, ikifungwa pamoja ndiyo huwa dhaifu zaidi.

Watafiti hawakulewa hesabu hizo. Mwaka 2017 wengine waliingiza jinsi umeme unavyotembea hasa kwenye waya, wakaona kwamba mawasiliano mazuri yanaweza pia kuzuia anguko. Huo ndio ufundi: kipimo nacho kinapimwa.

Havlin na wenzake walionyesha pia kwamba vituo vya kutosha vikiweza kujitegemea, mporomoko wa ghafla hupungua makali. Lakini kujitegemea kwenye karatasi hakutoshi. Agosti 25, 2023, umeme ulipokatika karibu Kenya nzima, jenereta ya akiba ya baadhi ya majengo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, haikuwaka.

Kwa hiyo, wewe unayesimamia hospitali, mnara wa simu au pampu ya maji: chagua siku, waarifu watu, zima umeme kwa makusudi, kisha uandike kila kilichozimika.