Mkono Mfupi: Namna Kamera Ilivyofungwa Garini

Kiwanja cha Castle Combe, kilichoko Wiltshire nchini Uingereza, kilikuwa uwanja wa ndege za kijeshi kabla ya mwaka 1950, ambapo barabara yake ya pembezoni ilianza kutumika kwa mbio za magari. Na ingawa mzunguko wake ni wa kilomita 3 kasoro kidogo tu, pana mahali pamoja, paitwapo Avon Rise, ambapo gari likivuka kilima kidogo kwa kasi huwa jepesi juu ya magurudumu yake, tena wakati ule ule ambao dereva hana budi kukanyaga breki kwa ajili ya kona ya kulia iitwayo Quarry. Kila nilipokwenda huko, katika zile siku ambazo watu wenye magari yao ya kawaida hulipa ada wakaruhusiwa kukimbia pasina kushindana, nilipita hapo nikiwa na hakika kwamba nimekosea jambo, illa nisijue ni jambo gani, kwani muda wa kosa lenyewe haukufika sekunde mbili, na akili iliyoshughulishwa na khofu haina nafasi ya kuweka kumbukumbu. Ndipo nilipoazimia kufunga kamera ndogo ndani ya gari, iwe shahidi wangu. Na inafaa kueleza namna ilivyofungwa, maana shahidi huyo alinidanganya mara mbili kabla hajasema kweli.

Gari lenyewe ni Mazda MX-5 ya zamani, la viti viwili, lenye injini ya lita 1.6, na nyuma ya viti pamesimamishwa upinde wa bomba la chuma unaokinga vichwa endapo gari litapinduka. Mara ya kwanza kamera ilishikizwa kwenye kioo cha mbele kwa kikombe cha mpira kinachonyonya, juu ya mkono wa plastiki wenye urefu wa sentimita 20 na viungo vitatu. Na picha iliyopatikana ilikuwa na maradhi ya ajabu, kwani nguzo za kando ya njia zilipindapinda, na duara la usukani likavutika na kurudi, kama uso wa mtu ndani ya kisima pindi ndoo inapotua majini.

Sababu yake ni hii. Aghalabu kamera hizi haziioni picha yote kwa mkupuo mmoja, bali huisoma safu baada ya safu, kutoka juu kushuka chini, kama mtu asomavyo ukurasa. Na injini ya silinda nne inayozunguka mara 6,000 kwa dakika, yaani mara 100 kwa sekunde, huutikisa mwili wa gari mara 200 katika kila sekunde, kwa kuwa kila mzunguko una milipuko miwili. Kamera inayopiga picha 50 kwa sekunde hutikisika basi mara 4 katika muda wa picha moja, na safu za juu husomwa kamera ikiwa huku, za kati ikiwa kule, na za chini ikiwa imekwisha kurudi. Kwangu mimi dhara yake haikuwa ubaya wa sura, bali kwamba sikuweza kupambanua kama usukani umesogezwa na mikono yangu au umesogea kwa sababu jicho lenyewe limesogea. Na shahidi asiyetulia mahali pake hawezi kushuhudia mwendo wa mtu mwingine.

Waliotangulia katika kazi hii walikuwa na taabu za namna nyingine. Kampuni ya Solar, ya mcheza filamu Steve McQueen, ilipotaka picha za mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1970, iliingiza katika mbio zenyewe gari la Porsche 908 lililobeba kamera za filamu, likiendeshwa na Herbert Linge na Jonathan Williams, nalo likawa halina budi kusimama mara kwa mara ili filamu zibadilishwe; na mwaka 1979, kule Bathurst nchini Australia, televisheni ya Channel 7 ilifunga kamera katika Toyota Celica ya Peter Williamson, na watazamaji wakaona majumbani mwao, mbio zikiendelea, kile akionacho dereva. Vyombo vile vilikuwa vizito, na uzito peke yake ni dawa ya mtetemo, kwani kitu kizito hakikubali kutikiswa upesi. Ilhali kamera yangu ya gramu 150 hutii kila inachoamriwa na injini.

Dawa ya mwenye kamera nyepesi ni kufupisha mkono, na hapa ndipo penye kiini cha kazi yote. Mchumaji wa karafuu anajua pasipo kufundishwa kwamba tawi lililomchukua vyema karibu na shina litainama akisogea nchani. Lakini hisabu yake ni kali kuliko watu wadhanivyo, kwa sababu mkono ukirefushwa mara mbili hauongezeki kupinda mara mbili, bali mara nane, hata ule wa sentimita 20 ukikatwa ukawa wa 10 hupinda, kwa mzigo ule ule, thumuni tu ya ulivyokuwa ukipinda. Fauka ya hayo, kila kitu kina mwendo wake wa asili wa kutikisika, na balaa huja pale mwendo huo unapolingana na wa injini, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Mkono mrefu una mwendo wa chini, nao hauna budi kukutana na injini mahali fulani ipandapo kasi. Mkono uliofupishwa kwa nusu hupandisha mwendo huo karibu mara tatu, na kusudio ni kuupandisha mpaka injini isiufikie kabisa.

Kwa hiyo tuliuacha mkono wa plastiki na viungo vyake, kwa kuwa kila kiungo ni mlango wa ulegevu, tukafunga kibano cha alumini juu ya ule upinde, katikati ya viti, na kamera ikakaa juu ya skrubu fupi, sentimita 5 tu kutoka kwenye bomba. Kati ya kibano na bomba tuliweka ukanda mmoja mwembamba wa tyubu ya baiskeli ili kisiteleze. Mmoja, wala si zaidi, maana mpira mnene ni mkono mlegevu kwa jina jingine. Kisha ikafungwa kamba ya waya kutoka kamera hadi kwenye upinde, na jambo hili silichukulii kuwa la hiari: katika mgongano mkali, ambapo nguvu yaweza kufika mara 40 ya uzito wa kitu, gramu 150 huwa kama kilo 6 zinazorushwa nyuma ya kisogo cha dereva.

Picha sasa zilinyooka, lakini shahidi akanidanganya mara ya pili, kwa kuwa niliisahau ile programu ya kamera inayotuliza picha. Programu hiyo huhisi mgeuko wa kamera na kuufuta, nayo ni neema kwa mtu atembeaye kwa miguu; ila kamera iliyofungwa na gari hugeuka pamoja na gari, na programu, isiyojua tofauti, iliufuta mgeuko wa gari lenyewe, hata njia ikaonekana shwari na usukani ukaelea kama mtumbwi. Pua ya gari ikiinuka na kushuka pale Avon Rise, ambalo ndilo jambo nililolitafuta, ilikuwa imefutwa. Ikazimwa.

Mengine yalikuwa mepesi. Mwanga ulipunguzwa kidogo ili giza la ndani lisiifanye njia iwe nyeupe tupu, na kitambaa cheusi kisichong'aa kikatandazwa na kubandikwa juu ya dashibodi ili isijirudie katika kioo. Kipaza sauti kikashushwa nyuma ya kiti, kimevikwa sponji, mbali na upepo.

Ushahidi wa tatu niliutazama picha moja baada ya moja. Mikono yangu ilianza kugeuza usukani kuelekea Quarry picha 14 kabla pua ya gari haijatua kutoka Avon Rise, yaani zaidi kidogo ya robo ya sekunde, magurudumu ya mbele yakiwa bado hayajapata mzigo wake. Katika duru ya mwisho alasiri ile, jua likiwa limeinama upande wa kushoto, picha zaonyesha pua ikishuka kwanza, kisha mikono.