Ukungu Hauna Nchi

Kwenye kurasa zetu hizi tumezoea kuchambua mashairi na hadithi. Mimi leo nachambua barua ya serikali, juu barua nayo ni maandishi, na sentensi yake moja inaweza kubadilisha kilichomo kwenye sahani ya mtu.

Barua yenyewe ni ya Kenya, ya tarehe 5 Machi 2021. Mamlaka ya Kilimo na Chakula iliwaandikia watu wa forodha kwamba mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingie tena, kuanzia hapo hapo. Sababu waliyoitoa ni sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Malori yakakwama mpakani. Sasa, Mkenya asipokula ugali anaona hajala. Na mahindi ya Kenya kwa miaka mingi hayatoshi, majirani njo wanajazia pengo.

Nimpe mwandishi wa barua haki yake kwanza. Sumukuvu si kitu cha kutunga. Inaharibu ini, na mtu akiila kwa muda mrefu inaweza kumletea saratani. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara, Tanzania, iliua watu 20. Serikali ingenyamaza, leo tungekuwa tunailaumu kwa kunyamaza.

Shida yangu ni namna jambo hilo lilivyoandikwa. Barua inalifunga kosa kwenye jina la nchi, eti mahindi ni mabaya kwa sababu ya kule yalikotoka. Mbona mwaka 2004, hasa huko Makueni na Kitui, ndani ya Kenya yenyewe, sumu hiyo hiyo iliua watu 125, na mahindi mengi waliyokula yalikuwa yamelimwa na kuwekwa hapo hapo nyumbani? Ukungu ule haukuvuka mpaka wowote. Ulizaliwa kwenye unyevu. Tena angalia barua inaongea na nani. Inaongea na afisa wa kufunga mpaka. Mama anayeanika mahindi chini kwenye udongo, ambako ukungu unaanzia, si yeye aliyeandikiwa.

Siku tano baadaye, tarehe 10 Machi, wizara ikalegeza. Tangazo la pili lilitaka mwagizaji ajiandikishe, mzigo uwe na cheti, na sumu isizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Kama mchambuzi nasema tangazo hili ni maandishi bora kuliko barua, maana namba inaweza kupimwa na kubishaniwa. Jina la nchi utalibishania vipi? Lakini na hapa kuna mtu ameachwa nje. Cheti ni rahisi kwa mwenye lori. Mwenye magunia mawili atakipata wapi, na kwa pesa gani?

Siye wa Gisenyi hilo tunalijua bila kusoma. Machi 2020 korona ilipofunga njia ya Goma, waliozuiwa ni watembea kwa miguu, hasa wale mama wa beseni kichwani. Malori ya mizigo yaliendelea kupita. Baadaye mama wakaambiwa wajiunge, vitu vyao vipakiwe pamoja kwenye lori moja. Kama vile dereva hapumui.

Niliisoma habari ya barua hii na vijana ninaofanya nao kazi, wengi wao walikimbia kutoka Kongo. Msichana mmoja akasema, "Ni kama siye kwenye foleni. Wanakuuliza umetoka wapi mbele ya kukuuliza unaumwa nini." Wengine hawakucheka. Njo maana nimeandika.

Ila nasi tusijifiche. Soma insha zetu za chakula: "sombe ya kwetu", "sambaza ya kwetu", "bugali wa kweli ni wa kwetu". Nazipenda, na njaa inanishika nikizisoma. Lakini sambaza hakuzaliwa Kivu. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959. Muhogo na mahindi vilivuka bahari kutoka Amerika. Chungu tunachokiita cha taifa kimejaa wageni waliokaa mpaka wakazoeleka. Tukiandika chakula kana kwamba kina damu safi, tunaandika barua ile ile ya tarehe 5 Machi, tofauti ni kwamba yetu haina muhuri.

Kwa toleo lijalo naomba kitu kimoja. Atakayeandika juu ya sombe ya mama yake, aandike pia majani yalipita mpaka gani, nani aliyabeba, saa ngapi, na alilipa nini ili apite.