Kinu Hutwanga Nini? Uhakiki wa Istilahi za Umeme wa Upepo na Umeme wa Nyuklia

Miongoni mwa mijadala inayozidi kupamba moto katika Afrika Mashariki ni ule unaohusu chanzo cha umeme wa kesho. Wapo wanaosema kwamba upepo unafaa kupewa nafasi ya kwanza. Wapo wanaosema kwamba nchi haiwezi kuendesha viwanda vyake bila ya nguvu za atomiki. Si kazi ya jarida la istilahi kuamua nani ana haki katika shauri hilo. Kazi yetu ni kuuliza kama wanaoshindana wanayo maneno ya kushindania. Kwa maoni yetu bado hawanayo, na katika makala haya tunakusudia kuonyesha kasoro zilizopo na kutoa mapendekezo.

Jambo lililotusukuma kuandika lilitokea Kapalamsenga, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, upande ambao zamani ulihesabiwa kuwa ni Mpanda tu. Tulialikwa kusikiliza mdahalo wa wanafunzi, na hoja ilikuwa kwamba upepo ni bora kuliko nyuklia kwa kuzalisha umeme. Wanafunzi walikuwa wamejitayarisha kwa kusoma kijitabu kilichofasiriwa kutoka katika Kiingereza. Humo mtambo wa upepo uliitwa "kinu cha upepo", na mtambo wa nyuklia uliitwa "kinu cha nyuklia". Msemaji mmoja wa upande wa upepo alisimama akaeleza kwamba hatari ya nyuklia iko katika vumbi: mawe ya urani yakitwangwa kinuni, vumbi hutimka na majirani hulivuta. Aliyempinga hakumsahihisha, alijibu tu kwamba kinu kinaweza kufunikwa. Ndipo mwalimu wao, aliyekuwa ameketi karibu nasi, alipotuinamia akauliza kwa sauti ya chini: "Samahani, ndugu zangu, hivi hicho kinu hutwanga nini?"

Swali hilo ndilo mzizi wa makala haya. Wanafunzi wale hawakuwa wajinga. Kapalamsenga ni mahali panapojulikana kwa madini ya shaba, na katika nchi yote ya Mpanda wapo wachimbaji wadogo wanaoponda mawe wakitafuta dhahabu. Mtoto wa huko analijua vumbi la mawe. Alilipokea neno kwa maana yake, akafuata mantiki ya neno hilo mpaka mwisho. Aliyekosea ni mfasiri.

Kinu na kazi yake

Kinu ni neno kongwe. Kwanza ni chombo cha kutwangia kwa mchi. Kisha maana ilipanuka, tukapata kinu cha kukamua mafuta, kinu cha kukoboa mpunga na kinu cha kupasulia mbao. Katika matumizi yote hayo liko wazo moja: kitu huingia, hupondwa au hukamuliwa au hukatwa, kikatoka kimebadilika umbo. Mashine za kale za Uholanzi zilizosaga nafaka kwa nguvu ya upepo zilistahili kabisa kuitwa vinu vya upepo. Lakini mtambo wa leo hausagi kitu. Upepo huzungusha mapanga, mapanga huzungusha mhimili, mhimili huzungusha jenereta, na jenereta hutoa umeme.

Kwa upande wa nyuklia kosa ni kubwa zaidi. Katika mtambo huo kiini cha atomu ya urani hupigwa na nyutroni kikapasuka. Kupasuka huko hutoa joto jingi, pamoja na nyutroni nyingine zinazokwenda kupasua viini vingine. Joto hilo huchemsha maji. Mvuke huzungusha turbaini. Turbaini huzungusha jenereta. Hakuna kinachotwangwa. Kazi ya mtambo ule, pamoja na sifa zake zote na vitisho vyake vyote, ni kuchemsha maji.

Kutwanga kupo, lakini kupo mahali pengine. Kupo mgodini, ambako mwamba huvunjwa na kusagwa ili urani itolewe. Kwa Tanzania hili si jambo la mbali. Mwaka 2012 mpaka wa Pori la Akiba la Selous ulirekebishwa kwa idhini ya Kamati ya Urithi wa Dunia ili kuupisha mradi wa urani wa Mto Mkuju, Wilaya ya Namtumbo, na mwezi Julai 2025 kiwanda cha majaribio cha mradi huo kilizinduliwa. Mwanafunzi wa Kapalamsenga, basi, alisema jambo la kweli juu ya mgodi na jambo lisilo kweli juu ya mtambo wa umeme. Neno moja lilimchanganyia hatua mbili zenye hatari mbili tofauti, ambazo huwafika watu wa sehemu mbili tofauti. Mwananchi wa Namtumbo na mwananchi atakayejengewa mtambo wa nyuklia karibu na nyumba yake hawana swali moja la kuuliza. Lugha ikiwachanganya, hakuna hata mmoja wao atakayejibiwa.

Tena, kutokana na maelezo hayo msomaji ataona kwamba turbaini ipo pande zote mbili. Mtambo wa Koeberg huko Afrika Kusini, ambao umekuwa ukitoa umeme wa nyuklia tangu miaka ya 1980, una turbaini zake. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina turbaini tisa, kila moja ya megawati 235. Kwa hiyo anayeandika "turbaini dhidi ya nyuklia" amepinganisha vitu visivyopingana. Kinachopingana ni vizungushi: huku upepo, huku mvuke uliochemshwa na joto la kiini. Wapo wanaosema "tabo" badala ya turbaini. Ni neno fupi na zuri, lakini katika mkutano wa hadhara husikika kwa urahisi kama "tabu", na kumwambia mwanakijiji kwamba ataletewa tabo tatu si mwanzo mwema wa mazungumzo.

Maneno yenye vivuli

Istilahi haiingii katika lugha ikiwa uchi. "Nyuklia" iliwafikia wasemaji wengi wa Kiswahili kupitia habari za vita na silaha, na mpaka leo asikiaye "nyuklia" huona bomu kabla ya kuona taa. "Upepo" una kivuli cha namna nyingine. Mtu akisema "huo ni upepo tu, utapita", ana maana kwamba jambo hilo halina uzito. Msemaji mmoja wa mdahalo ule aliupata ushindi mdogo kwa kusema hivyo hivyo, na ukumbi ukacheka. Hivyo upande mmoja huanza ukiwa na hofu isiyo yake, na wa pili huanza ukiwa na dharau isiyo yake, hata kabla hoja haijatolewa.

Wataalamu wa istilahi nao hawajaepuka mtego huo. Kutokana na "nuru" lilibuniwa neno "unururifu" kwa sifa ya vitu vinavyotoa mionzi vyenyewe. Kwa sarufi neno ni safi. Lakini nuru kwa Mswahili ni mwongozo, ni baraka, ni uso wa mtu mwema. Kuliweka neno la jamaa hiyo juu ya kitu ambacho watu wanapaswa kukaa mbali nacho kwahitaji angalau maelezo kando yake. Hatusemi litupwe, kwani limekwisha kuingia vitabuni. Twasema lisitumike peke yake katika tangazo la tahadhari. Liambatane na maneno "yenye mionzi ya hatari".

Megawati na uniti

Kasoro ya tatu iko katika hesabu. Tumesoma mara kwa mara sentensi za namna hii: "mradi utazalisha megawati 310 kwa mwaka". Sentensi hiyo haina maana, kama vile isivyo na maana kusema kwamba basi lilikwenda kasi ya kilomita 80 kwa saa kwa mwaka. Megawati hupima uwezo wa mtambo kwa dakika ile ile. Haipimi umeme uliokwisha kupatikana.

Tuchukue mfano wa kweli. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana huko Loiyangalani, Kenya, uliozinduliwa rasmi mwaka 2019, una mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850. Jumla yake ni kama megawati 310. Kama upepo ungevuma kwa nguvu kamili saa zote za mwaka, zingepatikana megawati-saa 2,715,600. Lakini hakuna upepo wa namna hiyo duniani. Sehemu nyingi mitambo ya upepo hutoa kati ya robo na nusu ya kiasi chake kamili. Mtambo wa nyuklia unaotunzwa vizuri huweza kukaribia asilimia 90, ila nao husimamishwa unapotiwa fueli mpya au unapotengenezwa. Anayelinganisha megawati kwa megawati humpunja mtetezi wa nyuklia. Naye anayetaja uwezo bila ya kutaja miaka ya ujenzi na gharama zake humpunja mtetezi wa upepo.

Dawa ya kasoro hii tunayo nyumbani. Kila anayenunua umeme wa LUKU anajua uniti ni nini, na uniti moja ni kilowati-saa moja. Mfasiri na aandike: "uwezo wa mtambo ni megawati kadhaa, kwa mwaka hutazamiwa kutoa uniti kadhaa". Hapo mwananchi ataelewa bila ya kufundishwa fizikia.

Safi, jadidifu na taka

Pande zote mbili hudai jina la "nishati safi". Katika Tanzania ya leo maneno hayo yameshikamana zaidi na majiko, kwa kuwa kampeni kubwa ya miaka hii ni ya nishati safi ya kupikia. Ni vyema kutenganisha mambo mawili. "Jadidifu" ni kile kinachojirudisha chenyewe: upepo ni jadidifu, urani si jadidifu kwa kuwa huchimbwa na kwisha. "Isiyo na moshi" ni sifa nyingine, na hiyo wanayo wote wawili wakati wa kuzalisha. Mwandishi anayetumia "safi" bila ya kusema ni safi kwa namna gani amekwisha kuchagua upande.

Vivyo hivyo "taka za nyuklia". Taka kwetu ni kitu cha kufagiwa na kutupwa. Masalio ya fueli ya nyuklia hayatupwi, hulindwa. Plutoni ya aina ya 239, mojawapo ya masalio hayo, huchukua takriban miaka 24,000 kupungua kwa nusu. Hakuna dampo la miaka hiyo.

Wala upande wa upepo usijione hauna neno la kuhakikiwa. Miradi yake hufasiriwa kuwa itajengwa katika "ardhi tupu" au "ardhi isiyotumika". Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ilitoa hukumu kwamba hati za ardhi ya mradi wa Turkana hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria, baada ya wenyeji kushtaki. Ardhi ambayo mfugaji hupita na mifugo yake kufuata mvua si tupu. Imetumika kwa namna ambayo mfasiri hakuijua.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza:

(1) "Kinu" kiachwe kwa kusaga, kukamua na kukata.

(2) "Mtambo wa upepo" uwe jina la chombo chote kimoja, na "shamba la mitambo ya upepo" liwe jina la mkusanyiko. "Mapanga" yabaki, kwa kuwa kila mwenye feni anayajua.

(3) "Tanuri la nyuklia" liwe jina la kile chombo chenye joto, na "kituo cha umeme wa nyuklia" liwe jina la majengo yote pamoja na turbaini na jenereta zake.

(4) "Turbaini" itumike kwa kizungushwa tu, kiwe kinazungushwa na maji, mvuke au upepo.

(5) "Masalio yenye mionzi" yachukue nafasi ya "taka za nyuklia".

(6) "Ardhi ya malisho", "ardhi ya kijiji" au "pori" liandikwe kwa jina lake, na "ardhi tupu" lisiandikwe kabisa.

Yatatokea mabishano juu ya tanuri, kwamba tanuri huwashwa moto, na katika nyuklia hakuna moto. Ni kweli. Lakini wananchi wa Katavi na Rukwa wanalijua tanuri la matofali, na historia yao inayajua matanuri marefu ya chuma ya Wafipa. Wanajua kwamba joto hukaa ndani, kwamba hutunzwa kwa zamu usiku na mchana, na kwamba kulifungua kabla ya wakati ni hatari. Jina hilo humwongoza msikilizaji kuuliza maswali yanayofaa: joto litapozwa kwa maji ya wapi, nani atakesha, na kikiharibika kitu itakuwaje. Kinu humwongoza kuuliza habari za vumbi.

Wengine watasema kwamba magazeti yamekwisha kulizoesha neno "kinu cha nyuklia", na kwamba lugha haitungwi ofisini. Hatuna ugomvi na mazungumzo ya barabarani. Tunayozungumzia sisi ni maandishi ambayo kwa hayo watu huombwa ridhaa yao: taarifa za athari kwa mazingira, matangazo ya mikutano ya hadhara, vitabu vya shule. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, katika Kaunti ya Kilifi, waliandamana kupinga mpango wa kujengewa kituo cha nyuklia kwenye pwani yao. Hatuingilii uamuzi wao. Twasema tu kwamba anayekubali na anayekataa wote wana haki ya kujua wamekubali nini au wamekataa nini. Ridhaa iliyotolewa juu ya neno lisilo sahihi si ridhaa, na upinzani uliojengwa juu ya neno hilo huangushwa kwa urahisi na mtaalamu wa kwanza atakayefika.

Upande wowote utakaoshinda, jenereta zake zitasukwa kwa nyaya za shaba, na shaba ni madini ambayo watu wa Kapalamsenga wanayajua kuliko sisi. Watu wanaoweza kutoa malighafi wanaweza pia kutoa hoja, endapo wafasiri tutawapa maneno yasiyowapoteza njia. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao na kuyakosoa bila ya kutuonea haya. Mwalimu aliyetuuliza kinu hutwanga nini tulimjibu siku ile ile kwamba hakitwangi kitu. Alitikisa kichwa, akasema: "Basi kwa nini mmekiita kinu?"